Viatu vya Kipindi cha Pili

Mtu wa kwanza kusema sitaweza alikuwa bado ana udongo wa kaburi mikononi.

Tulikuwa tumemaliza kumzika mjomba wangu, hapa Kibiti, baada ya sala ya adhuhuri. Imamu akauliza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na nani katika watu wake atayabeba madeni yake? Watu wakatazama chini. Mjomba hakuacha mtoto, na nduguze wote walimtangulia. Nikapiga hatua mbele na kusema kwa sauti iliyofika barabarani, "Madeni yote ya mjomba yaleteni kwangu. Kabla ya arobaini nitakuwa nimeyamaliza."

"Huyu?" akasema yule mwenye udongo huku akijipangusa kwenye kanzu yake. "Huyu Diploma? Siku ya arobaini tutamtafuta kwa tochi."

"Maneno ya Dar hayo," mwingine akadakia. "Yanakuja na basi, yanaondoka na basi."

Wakacheka kichinichini, pale pale makaburini. Kicheko hicho nilikuwa nimekizoea. Nilipoondoka Kibiti walisema nitaishia kubeba mizigo Kariakoo. Kweli, nilibeba mizigo. Kisha nikafagia karakana ya majokofu, nikajifunza kuyafungua kabla sijafundishwa kuyafunga, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya ufundi wa majokofu, kwa jasho langu, bila mfadhili. Niliporudi na kusema nitatengeneza barafu ya wavuvi wa kamba, walisema itayeyuka kabla haijafika Bungu. Leo kamba wa delta wanafika mjini wakiwa wameganda kama mawe, na barafu hiyo ni yangu. Yule aliyenicheka makaburini hununua kwangu.

Kwa hiyo sikuogopa vicheko. Niliogopa jambo moja tu, na niliogopa hasa. Tangu nikiwa chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba roho ya aliyekufa huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Nilipotamka yale maneno kaburini niliishika roho ya mjomba mkononi. Ningeshindwa, watu wangenicheka mimi, lakini yeye ndiye angebaki ananing'inia. Na mjomba ndiye mtu pekee ambaye, siku naondoka na begi la rambo, aliwaambia wenzake, "Mwacheni aende. Atarudi."

Mashabiki walimwita Winga. Alicheza pembeni kushoto, na wilaya nzima, wakati huo Kibiti na Utete zingali wilaya moja na makao yake yako Utete, haikuwa na mtu wa kumkaba. Wazee hadi leo hubishana alikuwa akigeuka kwa mguu upi. Lakini goli moja hawabishani juu yake: lile la fainali ya wilaya, kwenye uwanja wa Utete, mbele ya watu wa Utete wenyewe. Kipindi cha pili, mpira uko mwisho mwisho, Winga akapita watu wanne na kuupiga chini ya mikono ya kipa. Mashabiki wetu walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka kivukoni. Sikuwepo, nilikuwa mdogo, lakini ningeweza kukuchorea lile goli kwa mkaa ukutani.

Siku ya tatu ya matanga mtani wetu mmoja aliingia ukumbini. Watani hawana haya msibani, ndiyo kazi yao. Alivaa kofia ya mjomba, akajifunga khanga kiunoni, akaweka dafu chini na kuanza kulipiga chenga katikati ya wafiwa huku akichechemea kama mjomba alivyochechemea uzeeni. Watu wakacheka mpaka machozi yakachanganyika. Alipofika mbele ya mkewe mjomba akajitupa chini, akashika vidole vya miguu na kupiga kelele, "Refa! Viatu vinanibana! Refa, viatu si vyangu!"

Kicheko kikapanda juu zaidi. Nilimtazama mkewe mjomba. Yeye peke yake hakucheka. Niliona, na kwa upumbavu wangu nikadhani ni uchungu.

Madeni yakaanza kuja, na yalikuwa ya mtu aliyeishi vizuri na watu. Fundi cherehani alidai kanzu ya Idi. Mwenye duka alidai sukari na mchele. Mama mmoja wa Bungu alikuja na jogoo kwapani kunionyesha ukubwa wa jogoo aliyemkopesha. Nilimaliza kila mmoja mbele ya shahidi. Kufikia siku ya thelathini sikuwa na mtu wa kunidai, na nilitembea Kibiti kichwa juu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mashabiki wa mjomba hukutana kwa kinyozi mmoja karibu na stendi, na kinyozi huyo ndiye mwenyekiti wao. Ukutani, kwenye msumari, vilining'inia viatu vya fainali: vyeusi, ngozi imekakamaa, kamba za rangi mbili. Nikaona haifai. Nikatengeneza kasha la mbao na kioo, nikafunga taa ndogo ndani, nikaweka kufuli. Siku ya kulizindua watu walijaa mpaka barazani. Kila mmoja alisimulia goli lake. Mmoja aliapa kwamba kipa wa Utete aliacha mpira maisha siku ile. Mwingine akasema alipita watu sita, si wanne.

"Wanne," akasema mwenyekiti. "Nilikuwepo. Msiongeze chumvi kwenye bahari." Akalifunga kasha, na ufunguo akauning'iniza shingoni, pamoja na kidude cheusi cha mviringo alichokuwa nacho siku zote. Nikawaambia hakuna klabu hata Dar yenye kasha kama lile. Walinipigia makofi.

Siku ya thelathini na tatu simu yangu ikaita. Sauti ya mzee, nyuma yake kuku na mawimbi madogo.

"Wewe ndiye mjomba wake?"

Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. Nikasema ndimi, nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi sikuja maziko, maji yalikuwa mafu, hayajai, boti hazikupita mlango wa kuingilia kisiwani kwetu. Nimesikia umeyachukua madeni."

"Nimeyamaliza, mzee."

"Langu hujalimaliza. Aliazima viatu vyangu. Akasema kipindi kimoja tu."

Nilikaa juu ya jokofu. Nikamuuliza viatu gani, ingawa nilishajua.

Jioni nilikwenda kwa mkewe mjomba. Alikuwa anachambua kisamvu na hakuinua uso nilipomweleza.

"Ni kweli," akasema. "Kiatu chake kilipasuka kipindi cha kwanza. Refa alikataa mtu kucheza pekupeku. Kocha akamwita yule wa akiba aingie badala yake. Kijana wa visiwani, tayari amefunga kamba. Mjomba wako akampigia magoti. Kijana akavua, akampa, akakaa chini."

"Na hakuvirudisha?"

"Walimbeba navyo miguuni, vingerudi vipi? Kila mwaka alisema, mwaka huu nitavipeleka. Safari moja alikwenda mpaka huko kisiwani, mikono mitupu. Akala kwake, akalala, akarudi. Hakutaja. Kisha wale wa kwa kinyozi wakaja kuviomba, naye akaona haya kusema." Akatupa kikonyo. "Yule mtani alijua. Wazee wao wengi walikuwepo uwanjani siku ile."

Nilimuuliza shehe kama naweza kulipa thamani yake. Akanijibu kwa ufupi: kilichokopwa kinalipwa, lakini kilichoazimwa kikiwa bado kipo kinarudi chenyewe.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa kinyozi. Palikuwa pamejaa. Mwenyekiti alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Diploma. Umekuja kuitazama taa? Inapepesa."

"Nimekuja kuvichukua viatu."

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mteja akageuka na kichwa chake cha pande mbili.

"Vipi?"

"Vina mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika."

"Mwenyewe yuko kisiwani, mzima, na ananidai." Nikawaeleza yote, neno kwa neno. Nilipomaliza wote wakasema pamoja.

"Muongo huyo! Amengoja mtu afe!"

"Mpelekee hela mzee wa watu, mnunulie na raba mpya, yaishe!"

"Diploma kaona kasha limependeza, anataka kuvipeleka mjini akauze!"

Hili la mwisho lilinichoma. Nikanyoosha mkono kwenye kasha. Kijana mmoja mnene akaniwahi, akasimama kati yangu na kioo, na mwingine akausukuma mlango. Komeo likalia. Jua likabaki nje, ndani ikabaki ile taa yangu mwenyewe, inapepesa.

"Gusa," akasema yule mnene, polepole. "Gusa uone."

Sijawahi kupigana tangu Kariakoo, lakini mikono haisahau. Nilimwona mwenyekiti ameshika wembe, nadhani hata yeye alikuwa amesahau kwamba ameushika. Nikaongea naye yeye peke yake.

"Mwenyekiti, roho ya Winga imening'inia kwenye msumari wako."

"Usiniletee mahubiri! Mimi nilikuwepo Utete! Nilikuwa mstarini, hatua tano kutoka kwenye benchi. Niliona kila kitu. Wewe ulikuwa unanyonya."

"Uliona kila kitu?"

"Kila kitu!"

"Basi niambie benchi lilikuwaje."

Akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Niliona macho yake yakiondoka pale chumbani na kuvuka mto.

"Kulikuwa na mtu pekupeku," akasema mwishowe. "Nilidhani ni mtu wa Utete, amejiketia tu. Goli lilipoingia nilikimbilia uwanjani, nikamkanyaga mguu. Hakusema kitu. Nikasema huyu naye vipi, hashangilii?"

Akaweka wembe chini. Yule mnene akajisogeza taratibu, kama mtu anayepisha jeneza.

"Tukivitoa," akasema mwenyekiti, "tunabaki na nini?"

Nikageuka nikalitazama kasha nililolitengeneza mwenyewe.

"Tutakwenda wote," akasema. "Wewe peke yako sikuamini." Kisha akamgeukia mteja na kumalizia upande wa pili wa kichwa.

Ilibidi tungoje maji. Siku nne mlango wa kile kisiwa haukupitika. Ya tano mashine yangu kubwa ya barafu, ile ya bandarini Nyamisati, ikaharibika, na wavuvi hawangoji. Tukaondoka siku ya thelathini na tisa. Nahodha pale Nyamisati alisema tushike safari saa mbili asubuhi. Nikamwonyesha simu: maji yatajaa saa nne, tuna muda, acha nimalize kufunga mtungi wa gesi wa ile mashine.

"Simu yako inasoma maji ya bandari ya Dar," akasema nahodha. "Sisi tunakwenda juu ya tope."

Sikumsikiliza. Hilo nakubali, na sikubali mengi.

Tulipoingia kwenye mlango kati ya mikoko, maji yalikuwa yameanza kurudi. Boti ya faiba ikakwaruza, ikasogea, ikakwaruza tena, ikakaa. Kuta za matope zilikuwa zinaota pande zote mbili tukiziangalia. Nahodha akainua injini na kuniangalia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Tungekaa pale mpaka maji mengine, na maji mengine yangekuja gizani, na kupambazuka ni arobaini.

"Shukeni," nikasema.

Nikaruka wa kwanza. Tope likanimeza mpaka mapajani. Mwenyekiti alivua viatu vyake, akalitwika lile kasha kichwani kama mama atokaye mtoni, akashuka. Yule kijana mnene akafuata. Tulisukuma ile boti shibiri kwa shibiri, mizizi ya mikoko ikitukata nyayo, maji yakiteremka haraka kuliko sisi tulivyokwenda. Mara moja mwenyekiti aliteleza. Nilimwona anakwenda chini mzima mzima, mikono miwili ikabaki juu na kasha, kama bendera. Kijana akamshika kanzu.

"Viatu vikavu?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye nimelowa, bwana, si viatu!"

Tulipofika kwenye maji ya kutosha kuelea tukarukia ndani, na nahodha akashusha injini.

Mzee alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akishona wavu. Mkata mikoko wa zamani: mabega makubwa, nyayo pana zilizofunguka vidole. Alitutazama tulivyofunikwa tope.

"Mmekuja na mlango wote?" akasema. "Karibuni."

Tukamwamkia. Nikamwekea kasha miguuni, mwenyekiti akafungua kufuli. Hakunyoosha mkono.

"Ngoja. Mashahidi kwanza."

Majirani wakaitwa, wakasimama na watoto migongoni. Mzee akaweka wavu pembeni.

"Mimi sidai ngozi," akasema. "Miaka yote nikileta samaki wa ng'onda Kibiti nilipita pale kwa kinyozi nikisikia, viatu vya Winga, viatu vya Winga. Siku moja nikaingia kunyolewa. Nikasimuliwa habari za viatu vyangu mwenyewe mpaka mwisho. Na nikalipia kunyolewa."

Mtu mmoja akacheka, akakatisha.

"Kwa hiyo nani atasema ilivyokuwa? Huyu kijana hakuwepo."

Mwenyekiti akasimama. Ameisimulia fainali ile mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na siku hiyo alianza kama kawaida yake, na mikono yake yote. Kisha akafika mapumziko na sauti ikapungua. Alisema kiatu kilipasuka. Alisema kuna mtu alikuwa tayari amefunga kamba, zamu yake imefika, akazifungua. Alisema goli lilipigwa na mguu wa Winga ndani ya kiatu cha mtu mwingine, na yule mtu alikuwa amekaa kwenye mchanga.

"Na mguu?" mzee akauliza.

"Mguu upi?"

"Ulioukanyaga."

Mwenyekiti akashika kichwa. "Mzee, ulinijua?"

"Ukucha ulitoka mzima, bwana we. Utamsahau mtu aliyekutoa ukucha?"

Pale ndipo watu walipocheka kweli. Nikadhani imekwisha. Lakini mzee alikivuta kiatu cha kushoto, akakipindua, akapitisha kidole chini ya soli polepole, na uso wake ukabadilika.

"Nilimpa meno sita. Hapa matano."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimevisafisha viatu vile, nikavipaka dawa, na sikuhesabu. Niliona siku thelathini na tisa zikirudi kama maji ya mlangoni. Nikaanza kusema nitatengeneza, nitachonga jipya, mimi ni fundi.

"Sitaki jipya."

Mwenyekiti hakutazama mtu. Alipeleka mikono shingoni, akavua uzi wenye ufunguo, akakifungua kile kidude cheusi cha mviringo.

"Niliokota siku ile," akasema. "Pale alipogeuka. Sijalala bila hiki hata siku moja." Akakiweka kwenye kiganja cha mzee, na mkono wake ukachelewa kidogo kuondoka.

Mzee akakijaribu kwenye shimo lake. Kikaingia. Akavikusanya viatu vyote viwili mapajani.

"Nimepokea changu, kimetimia," akasema kwa sauti, awasikie wote. "Simdai. Namwombea radhi. Mungu amlaze pema."

Tukaitikia amina. Nikakaa chini kwenye mchanga, mbele ya watu, na sikujali.

Baada ya chai na kamba wa kukaanga mwenyekiti alianza kujikuna shingo pale uzi ulipokuwa.

"Mzee wangu, kesho arobaini. Watu wote wa Winga watakuja. Ungetuazima tu, siku moja..."

"Kuazima? Nyie?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mara ya mwisho niliazimisha kwa dakika arobaini na tano!" Kisha akafuta macho. "Nitakuja navyo mwenyewe, na maji ya asubuhi. Na nitarudi navyo."

Maji ya usiku yalipojaa nahodha akatuita, safari hii nilitii mara moja, na nauli yake nilimlipa kabla sijatia mguu majini. Kijana mnene alibeba kasha tupu. Hiyo ilikuwa siku ya thelathini na tisa. Nilisema kabla ya arobaini.